Ugonjwa Uliotafutiwa Mtu

Katindiuka, Ifakara
11 Februari 2024

Shangazi Brigita,

Shikamoo. Habari za Masagati, habari za lile jino, na mvua je? Huku maji yameingia mpaka jikoni kwa jirani, sisi bado tuko pakavu. Hilary mzima, watoto wazima. Ningependa kuandika kwamba na mimi ni mzima, lakini wewe ndiye uliyenilea ukiniambia salamu si mahali pa kudanganya.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako ni ya kijiji kizima. Mpaka upande kile kilima cha mtandao, uweke spika, na wote waliopanda kutafuta mtandao wasikilize. Tena siku hizi ulimi wangu unateleza, nikiongea watu wanadhani nimekunywa. Alphonce ataibeba barua hii kwenye fuso lake mpaka Mlimba, halafu itakuja huko na bodaboda.

Ile hali iliyonianza mwaka jana nilipokuja kukusaidia kuamia ndege haijaondoka. Unakumbuka nilivyoshuka dunguni, kwenye lile jukwaa la kufukuzia ndege, mguu wa kulia ukagoma kwenye ngazi, nikaangukia matopeni, ukacheka mpaka ukakaa chini. Nami nilicheka. Sasa mguu huo umekufa ganzi mpaka kiunoni. Nikiinama kupandikiza mpunga, kitu kama umeme kinashuka mgongoni hadi kwenye vidole vya miguu, nabaki nimeshika mbegu mkononi kama sanamu. Nikioga maji ya moto naishiwa nguvu kabisa. Hospitali nimezunguka. Wa kwanza alisema malaria, mwingine taifodi, mwingine akanipa dawa ya minyoo. Wa mwisho hakuinua hata macho kwenye simu yake, akasema, "Mama, vipimo viko safi, una mawazo mengi." Nilisikia kinyaa, Shangazi. Nilitamani kumtapikia mezani ili apate cha kupima.

Lakini hilo silo lililonifanya niandike. Jumapili iliyopita walikuja kutoka Mlimba kaka Evod na Baba mdogo Theodori. Unajua tangu Baba afariki Evod ndiye anayeshika mpunga wa shamba la ukoo na kila kinachotokana nao, basi hata kukaa anakaa kama mwenye nchi. Walikula wali wangu na kambale wangu, wakajipangusa midomo, ndipo Evod akauliza ugonjwa ulianzia wapi. Nikamjibu kama nilivyowajibu madaktari, kwamba ulianzia shambani kwa Shangazi. Wakatazamana. Baba mdogo akasema polepole, "Na alicheka." Kisa hicho niliwasimulia mimi mwenyewe, siku ile tulikuwa tunataniana.

Wanataka ukanyolewe uchawi. Wanangoja mto upungue wakuvushe kwa yule mganga wa ng'ambo. Nimewaambia hapana, Evod akanipigapiga begani kama anatuliza mbuzi, akasema mgonjwa hajui anachosema. Nimeelewa jambo moja: hospitali ikikosa jina la ugonjwa, ukoo unatafuta jina la mtu.

Usikubali. Natafuta rufaa ya kwenda Dar kupigwa ile picha kubwa ya sumaku, MRI. Nikipata jina la ugonjwa kabla maji hayajapungua, hawatakuwa na la kukushikia.

Mimi mwanao,
Noela


Masagati
3 Machi 2024

Mwanangu Noela,

Marahaba. Jino nimeling'oa, limeondoka na uvumilivu wangu wote. Mvua ipo. Mpunga wangu umesimama vizuri, na hilo nalo ni kosa, maana wa jirani umelala. Hilary nisalimie, hata kama hajawahi kuniuliza hali tangu akuoe.

Ndiyo, nilicheka. Mtu mzima kashuka dunguni kama gunia, kakaa matopeni kanga imemfunika uso, nisicheke? Kama kucheka ni uchawi basi waanze na Theodori, alicheka kwenye mazishi ya baba mkwe wake, tena kabla jeneza halijashuka.

Huko kunyolewa wanakusema kama kwenda saluni. Konsolata, yule rafiki yangu wa jumuiya, walimpeleka mwaka juzi kwa sababu ya mtoto wa shemeji yake aliyekufa kwa degedege. Wakamkalisha mkekani na watu asiowajua. Wakamnyoa kichwa, wakamnyoa kwapa, wakamnyoa na kule ambako hata marehemu mumewe hakupata kumwona mchana. Wembe umechovywa dawa, kisha wakamnywesha maji ya majani yanayonuka maji ya kuoshea mzoga. Akarudi, wakamwambia sasa u msafi, karibu nyumbani. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa mtoto amshikie. Kwa sababu aliyenyolewa amekubali kwamba ni mchawi, mwanangu, hilo ndilo hawalisemi. Na mgonjwa wake akizidiwa tena, wanasema mtu huyu amerudia, na aliyerudia hapewi nafasi ya kukaa kijijini.

Huku habari imeshafika. Wanawake waliokuwa wanakunywa togwa yangu sasa wanapokea kikombe, wanasema asante, wanakwenda kuimwaga nyuma ya jiko. Nimeona inzi wamejaa pale. Wananisalimia shikamoo huku mate ya kutema yamewajaa mdomoni. Nawachukia kwa usafi wao.

Siendi kunyolewa. Nimezaliwa na nywele zangu, nitazikwa nazo. Wewe tafuta hiyo picha yako, na uniandikie kila unachosikia mwilini. Ule hata kama chakula hakipandi.

Shangazi yako,
Brigita


Katindiuka
7 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Pasaka ilikufikia salama huko na maji hayakuchukua daraja. Yetu sijui niiteje.

Jicho la kulia limezimika. Lilianza kuuma nikilizungusha, kisha rangi nyekundu ikawa kama ya udongo, kisha ukungu. Sasa nikiziba la kushoto, naona sehemu yenye mwanga tu, dirisha lilipo. Nimerudi hospitali. Daktari mpya, binti mdogo anaitwa Gladness, yeye angalau alinigonga magoti, akanichomachoma nyayo kwa kijiti. Akasema, "Sijui ni nini, mama, ila si mawazo." Nililia palepale. Ameniandikia rufaa.

Alhamisi Kuu mama mkwe aliniletea watu wa maombi. Hakuniuliza. Walijaa chumbani, wakafunga madirisha na joto lote lile, mmoja akanishika kichwa akinipulizia usoni pumzi ya vitunguu, mwingine akanimiminia mafuta mpaka yakaingia kwenye jicho lililobaki. Walinisukuma nianguke. Nilipoanguka, kwa sababu mguu haupo, wakashangilia kwamba pepo limetoka. Nilikuwa nimelala sakafuni naangalia miguu yao, kucha zao, soksi zao, na nikawaza kwamba kama kuna pepo chumbani humu basi limekuja na viatu.

Huyo mama mkwe, Yosefina, amenitengea kikombe. Anakiosha kwa majivu na kukitundika nje kwenye mti, mbali na vingine. Sahani yangu hailiwi na mtu. Vitumbua vyangu havinunuliwi tena, wateja wanaangalia mkono wangu unavyotetemeka juu ya kikaango kisha wanakumbuka kwamba wameshakula. Hilary amehamia chumba cha watoto, anasema eti nageukageuka usiku. Na mimi nimeanza kujionea kinyaa mwenyewe. Nauangalia mguu wangu kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa kitandani mwangu.

Nimemwomba Evod atoe fedha za mpunga wa ukoo niende Dar. Ana haki gani kuzizuia, na mimi nimepandikiza shamba lile tangu nina miaka saba? Kanijibu hawezi kupeleka fedha Dar wakati chanzo kiko Masagati. Akasema kwanza kung'oa mzizi, picha baadaye. Nikamwambia afadhali nipofuke. Akasema hayo ndiyo maneno ya mtu aliyefungwa.

Usibabaike na hili. Nitapata njia nyingine, hata kwa kuuza cherehani.

Mimi mwanao,
Noela


Masagati
19 Mei 2024

Noela mwanangu,

Marahaba ya barua iliyopita. Mimi mzima, kuku wazima, maji yamepungua.

Nimeongea na Evod. Atakupa nauli na fedha ya kipimo wiki hii. Zipokee. Usiulize aliambiwa nini wala alijibu nini, wewe panda treni uende. Ukae dirishani upande unaoona. Cherehani usiiuze.

Shangazi yako,
Brigita


Dar es Salaam
16 Juni 2024

Shangazi wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Naandika kwa macho mawili. Ulivyomsema Evod sijui, ila alileta fedha mwenyewe, tena bila maneno, hata chai hakunywa. Nikajua ulimkaripia kama zamani alipokuwa anaiba sukari.

Walinilaza kwenye ile mashine inayogonga kama watu wanaezeka bati. Picha imeonyesha madoa kwenye uti wa mgongo na kwenye mshipa wa jicho. Daktari, mzee mmoja anaitwa Viktor, alinikalisha akanieleza kama anamweleza mtu mwenye akili. Alisema mishipa ya fahamu ni kama nyaya, ina ganda lake. Kinga ya mwili wangu mwenyewe, ile iliyopaswa kuua wadudu, imegeuka inatafuna ganda hilo. Jina kamili bado, kuna magonjwa mawili yanayofanana na damu yangu imepelekwa kupimwa kwingine. Nikamuuliza kama mtu anaweza kumfanyia mtu hivyo. Hakunicheka. Alisema, "Hakuna mtu, mama. Ni mwili wako."

Sijawahi kufurahia habari mbaya kiasi hicho. Ni mwili wangu, Shangazi. Si wewe.

Wamenitundikia dripu za dawa kali. Siku ya tatu nikaona wekundu wa kanga ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Mguu unawashawasha, wanasema ni dalili nzuri. Dawa inanifanya nile kama mlinzi. Nimempigia Evod nikamweleza yote, akasema, "Tunamshukuru Mungu, tulijua." Sikumwelewa alijua nini, ila nilifurahi mno, sikuuliza.

Umepona na wewe. Wakija na mkeka wao, waambie waende kwa Daktari Viktor.

Mwanao,
Noela


Katindiuka
7 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hujanijibu. Sasa najua kwa nini.

Nilishuka stesheni kwa miguu yangu. Watu walikuja kunipokea, hata wale wa vitumbua. Mama mkwe alikitungua kile kikombe mtini, akakivunja mbele yangu kwa furaha, akanikumbatia. Jioni akaniita tule sinia moja. Alikuwa ananikatia vipande vya samaki kwa vidole vyake, ananilisha, analamba vidole, ananikatia tena. Nikamuuliza haniogopi siku hizi? Akasema, "Nikuogope nini, mwanangu, Shangazi yako si kanyolewa?"

Nikatoka nje nikatapika. Wali wote, samaki wote. Hilary akaja kunishika mgongo, nikamwambia asiniguse.

Evod hakuficha. Anajivunia. Anasema alikupa chaguo, wewe uvuke mto au mimi nibaki bila picha, na ukavuka bila kusukumwa, na hiyo ndiyo ishara kwamba ulikuwa na hatia. Nikamwambia kuhusu dripu. Akasema dripu ilipata njia kwa sababu wembe ulitangulia. Kila hatua ninayopiga sasa ni shahidi dhidi yako. Nikienda kisimani watu wananitazama mguu kisha wanatikisa kichwa wakisema kumbe kweli alikuwa yeye. Nimeuchukia mguu huu ukiwa mzima kuliko ulipokuwa umekufa.

Kwa nini hukuniambia? Ningekataa.

Noela


Masagati
28 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, kichwa kinaona baridi tu, nimefunga kitambaa.

Sikukuambia kwa sababu ungekataa. Umejijibu mwenyewe.

Unataka kujua, basi ujue, halafu tusirudie. Theodori ndiye aliyenishika mkono kwenye mtumbwi, kwa adabu, nisije nikaanguka. Kule tulikuwa wengi. Mama mmoja alikuwa anaimba wimbo wa kanisani muda wote, nikatamani wamnyoe ulimi. Wembe ulikuwa butu. Yale maji niliyanywa, nikayarudisha, wakanipa mengine. Sikulia mpaka walipomaliza na Evod akaniambia, "Asante, Shangazi," kwa sauti ileile aliyokuwa anatumia nikimpa uji. Hapo ndipo nilipochefukwa. Nimemfuta pua mtoto yule.

Nimepewa hongera kijijini. Wananipokea togwa tena, hawaimwagi. Watoto wao hawaji.

Jicho lako linaona? Andika hilo. Mengine wala hayaliwi wala hayavaliwi.

Shangazi yako,
Brigita


Katindiuka
13 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mnaandaa mashamba na mbegu umepata. Watoto wanakusalimia, mkubwa ameanza kuandika jina lake kinyume.

Jina la ugonjwa limekuja. Refu, la kigeni, linajaza mstari mzima. Lile nililolitafuta kote ndilo hili. Nilikwenda mpaka Mlimba kumsomea Evod mbele ya Baba mdogo. Walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa kama wako kwenye injili. Nilipomaliza Evod akasema, "Basi hilo ndilo jina wanalokipa wao hicho Shangazi alichokufanyia." Akaniuliza kama nitakula.

Hilo nimeshalitema. Kuna jingine, na sijamwambia mtu, hata Hilary.

Ugonjwa huu unakwenda na kurudi. Daktari Viktor alinionya. Alinipa vidonge vya kuuzuia, lakini huku havipatikani kila wakati, na mwezi uliopita nilikosa. Tangu juzi jicho la kushoto linauma nikilizungusha. Leo kitambaa chekundu cha altareni kimekuwa cha udongo. Daktari alisema ugonjwa ukirudi nisikae hata wiki, jicho linaweza kuzimika moja kwa moja.

Nikisema, Evod atajua, na nyumba nzima itajua, na kijiji chako kitasema umerudia. Ulinieleza wewe mwenyewe anachofanywa aliyerudia. Kwa hiyo natembea nikinyoosha mgongo. Asubuhi nimemwaga chai nje ya kikombe, nikasema ni haraka. Mama mkwe ananitazama. Naweza kukaa hivi, Shangazi. Nina jicho jingine, halijawa zuri sana ila lipo. Wasikuguse tena. Nikifikiria mikono yao juu yako naona heri giza.

Niombee tu.

Mwanao,
Noela


Masagati
16 Oktoba 2024

Noela,

Salamu baadaye. Bodaboda iliyoleta barua yako bado inaunguruma mlangoni, nimeiambia isiondoke bila jibu.

Ukimaliza kusoma, nenda kwa Gladness, halafu panda gari lolote la Dar linaloondoka. Mwambie Hilary, mwambie mama yake, tangaza kanisani ukitaka. Fedha muulize Evod. Mwambie Shangazi amesema zitoke leo, na kama anataka kunivusha tena asipoteze muda kuitisha kikao, nitamsubiri mwenyewe kivukoni nimeshaoga. Wakinifukuza, Konsolata ameniwekea chumba. Wachawi wawili hatutakosa cha kupika.

Usinifanyie wema wa namna hiyo tena, wa kupofuka kwa ajili yangu. Umenichukiza kuliko wao.

Nywele zimeota, mwanangu, zimeanza kushika kitana. Jicho halioti.

Shangazi yako,
Brigita